Nyimbo za Zamani Ziache Kuwaiga Vonudamu

Vilikesa Nabuka,
Mwenyekiti, Umoja wa Wapenzi wa Bendi ya Vonudamu,
Savusavu, Fiji.

Kwa Bi Akanisi Vuetaki,
Mtangazaji wa kipindi cha Jumapili alasiri,
Redio ya Ghuba.

Bibi Mtangazaji mheshimiwa,

YAH: NYIMBO ZA KALE KUIGA NYIMBO ZA BENDI YETU KABLA HAZIJATUNGWA

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa mkono uliotulia. Mke wangu Litiana, ambaye ananichungulia begani, anasema mkono haujatulia hata kidogo na karatasi imelowa jasho. Naomba usimsikilize.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada na chakula, tuliketi barazani kwa Jagdish, fundi cherehani wetu. Bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, lilikuwa katikati na redio juu ya kigoda. Nilikuwapo mimi, binamu yangu Etuate ambaye utani wake hauna likizo, Jagdish mwenyewe, na Penaia, kiongozi na mtunzi wa Vonudamu. Ukapiga wimbo wao tuupendao kuliko yote, "Sera, Meli Imeondoka". Tukafumba macho. Ulipokwisha, badala ya kutuacha tupumue, ukapiga wimbo wa wazee fulani wa kisiwa cha Rarotonga, uliorekodiwa mama yake Penaia akiwa bado anatambaa. Kisha ukasema, tena kwa kicheko, "Wasikilizaji, hawa ni mapacha, au masikio yangu yana maji?"

Bibi Akanisi, hujui ulichokifanya.

Etuate aliruka kama aliyekalia siafu. "Binamu! Bendi yako imekamatwa na kuku mkononi, manyoya mdomoni!"

"Funga bakuli lako," nikamwambia.

Jagdish akatikisa kichwa. "Rarotonga wapi, kaka? Huo ni wimbo wa sinema ya Kihindi. Bibi yangu aliuimba kila akikuna nazi."

"Sinema gani?" Etuate akamdaka. "Huo umo kwenye kitabu cha nyimbo za ibada. Leo asubuhi tumeuimba mbele ya mchungaji, na huyu mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Penaia ameukimbiza kidogo tu!"

Katika kelele hizo hakuna aliyemtazama Penaia. Alimaliza kifuu chake, akakiweka chini taratibu, akasema, "Basi mimi ni mwizi." Akaenda zake.

Tangu hapo hajaimba. Gitaa amelivua nyuzi. Ile besi yao, sanduku la chai lenye fimbo na kamba, ameiacha uani na kuku ametaga ndani. Na Jumamosi hii ndipo Vonudamu walipaswa kutumbuiza ukumbini kuchangisha fedha ili shule ya chekechea iezekwe upya, maana paa lake liliondoka na kimbunga na sasa watoto wanajifunza kuhesabu chini ya turubai. Nilimfuata Penaia shambani kwake, nikamkuta anapalilia magimbi kana kwamba magimbi ndiyo yaliyomkosea.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "wewe si mwizi. Wao ndio waliokuibia mapema."

Hakuinua kichwa. "Vilikesa, hata wewe mwenyewe huamini."

Niliumia. Nikarudi nyumbani na kufikiri kwa bidii mpaka nikaamini. Matokeo ya kufikiri huko ni malalamiko yafuatayo:

1. Wimbo wa Rarotonga ulitangulia bila kutoa taarifa. Najua utasema kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki. Lakini mimi hufungua karakana yangu ya injini za mashua alfajiri, na sijawahi kudai kwamba kila anayepita barabarani baada ya hapo ananifuata mimi. Wazee wale walikuwa na bahari nzima ya sauti za kuchagua. Kwa nini waende moja kwa moja kwenye ile ambayo Penaia angeihitaji? Nani aliwaambia?

2. Kitabu cha nyimbo za ibada. Nilimwendea mchungaji nikamwomba kwa upole aupumzishe wimbo ule mpaka tamasha lipite. Akaniambia, "Vilikesa, wimbo huu una umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe." Nikamjibu kwamba hilo ndilo hasa ninalolalamikia. Amenitoa kwenye kwaya, upande wa sauti nzito, na sasa upande huo umebaki na Etuate, ambaye sauti yake ni nyembamba.

3. Sinema ya Jagdish. Alinichezea wimbo wenyewe kwenye redio yake ya kaseti, akinitafsiria maneno, ili nisikie mwenyewe. Mwanamke analia dirishani, mvua inanyesha, farasi anaondoka. Nami nililia. Kulia kwangu kusichukuliwe kuwa ushahidi, kwa sababu mimi hulia hata kwenye matangazo ya vifo vya watu nisiowajua. Isitoshe, kwao ni farasi na kwetu ni meli. Farasi havuki bahari kwenda Suva.

4. Ndege. Hili nalileta kwa masikitiko. Nyuma ya karakana yangu kuna ndege ambaye kila asubuhi huanza na sauti zilezile za mwanzo wa wimbo wetu, bila aibu, na akifika kwenye kiitikio huacha, kwa kuwa hakujifunza vizuri. Nimemweleza. Litiana akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Losena, unamgombeza ndege?"

"Simgombezi. Namwonya."

"Na amekuelewa?"

"Amenyamaza."

"Amenyamaza kwa sababu ameruka, mume wangu. Njoo ule."

Kwa hiyo, Bibi Mtangazaji, naomba kituo chako kichukue hatua hizi ndogo. Wimbo wowote wenye umri mkubwa kuliko Vonudamu usipigwe hewani bila kibali cha umoja wetu. Ukilazimika kuupiga, utanguliwe na maneno haya: "Tunasikitika kwamba wimbo huu unafanana na wa Vonudamu." Waimbaji waliokwisha fariki tunawasamehe. Walio hai waandike barua ya kuomba radhi, na walio mbali watapewa muda. Kwa wanaotunga sasa hivi popote Pasifiki, watangaziwe kwamba kabla ya kutunga waulize kwanza Penaia anafikiria kutunga nini mwakani, wamwachie nafasi. Kuhusu bahari, ambayo Etuate anadai ndiyo iliyompa Penaia mapigo ya wimbo ule, sina ombi kwa sasa, lakini naichunguza.

Nakuomba uyapokee haya kwa moyo ule ule nilioyaandikia, ambao ni mwema ingawa umechoka. Nisalimie mafundi mitambo wako, anayesoma taarifa ya hali ya hewa, na yule mama anayepiga simu kila Jumapili kuomba wimbo mmoja huohuo. Binti yetu Losena anakusalimu. Litiana anakusalimu na kusema pole.

Mimi mpenzi wa kweli wa muziki wa asili,
Vilikesa Nabuka (Mwenyekiti)

N.B. Sijaifunga bahasha, na mambo yamebadilika kidogo.

Leo mchana nilimsomea Etuate barua hii. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baadaye akasema, "Binamu, twende kwa Penaia. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, japo nilikuwa nakutania wewe." Tukampitia Jagdish, na Litiana akafuata.

Tulikusudia kuomba radhi. Lakini njiani ubishi ukaanza tena, na tulipofika kwenye magimbi kila mtu alikuwa anaimba wake ili kumshinda mwenzake. Etuate wimbo wa ibada, Jagdish wa farasi, Litiana wa Rarotonga, ambao sikujua kuwa anaujua wote, nami "Sera" kwa sauti nzito. Hatukupishana hata mahali pamoja. Ilikuwa kama kwaya iliyofanya mazoezi. Sijawahi kuimba kitu kizuri namna ile, na nilikuwa nimekasirika.

Penaia aliacha jembe. "Jagdish, rudia hapo katikati."

Jagdish akarudia.

"Alaa! Kumbe sauti inapanda! Mimi siku zote nasikia ukiimba kipande hiki katikati ya kelele za cherehani yako, nikadhani inashuka."

"Kwa hiyo uliuchukua kwangu?" akauliza Jagdish, kifua mbele.

"Kwako, kanisani, redioni, kila mahali. Nilidhani mnajua! Nilichoona aibu ni kwamba mmegundua nilivyounga vibaya."

Kuku amehamishwa. Nyuzi zimerudi. Jumamosi tamasha lipo, na Jagdish ataimba, Mungu atusaidie.

Hivyo basi, yote niliyoandika hapo juu yafute. Penaia anakuomba Jumapili uupige tena ule wimbo wa Rarotonga, na safari hii usizungumze kabla haujaisha, kwa sababu mwisho wake anauhitaji kwa wimbo mpya. Na kama huko kabatini una nyimbo nyingine nzuri za zamani ambazo hapa Savusavu hakuna hata mtu mmoja anayezikumbuka, tafadhali sana, hizo usizipige hewani. Tuletee kimyakimya.