Jinsi Norman Sugden Alivyolitia Gari la Kijani Moyo wa Dizeli

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, na ninyi mliosimama kizingitini ingieni mfunge mlango, maana upepo wa milima ya Yorkshire hauna adabu, na habari niliyo nayo haitaki kukatizwa. Sisimulii vita vya wafalme. Wafalme wana watu wao wa kuwasifu. Namsimulia Norman Sugden, dereva mstaafu wa basi, simba wa Mtaa wa Chapel, bingwa wa spana, mume wa Brenda, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ewe Mola mgawa ndimi, nipe ulimi usioteleza, nisije nikampunja shujaa haki yake.

Mwaka aliooa, Norman alinunua gari lililomfikia vipande vipande ndani ya masanduku, la kujiunganishia mwenyewe nyumbani: viti viwili, bodi ya faiba, rangi ya kijani, paa halina. Akaliunganisha kwa mikono yake miwili, kisha akamwapia bibi arusi kwamba kila mwaka, siku ya ndoa yao, atampandisha kwa gari hilo hadi kileleni Scar Bank, pale alipomchumbia. Kiapo kilikuwa kitamu; kilima kilikuwa kikali. Mwaka nenda mwaka rudi injini ya petroli ilichemka kwenye kona ya zizi la mawe, ikafuka mvuke kama birika, na wapendanao wale wakashuka kwa miguu, Brenda kashika viatu mkononi, asinung'unike. Hata majira haya ya kuchipua majani, injini ile ikapasuka, ikafa kifo kisicho na matanga, na Brenda akanena neno ambalo hakuwahi kulinena.

"Norman, mume wangu, sijawahi kukwambia uliuze. Lakini haya magoti si yale. Kushuka kile kilima kwa miguu siwezi tena. Safari hii likikwama, liondoke. Friji langu kubwa litakaa hapo bandani."

Shujaa alivaa buti, akaenda shambani kwa rafiki yake, na huko, katikati ya magugu yawashayo, akaliona gari bovu la kusambazia mkate, na ndani yake injini ya dizeli, jitu jeusi la chuma lililolala usingizi wa miaka. Akaling'oa, akalileta nyumbani kwa trela kama mateka wa vita.

Ndipo akatokea Clive, kaka yake Brenda, mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya kujiunganishia, mtu wa masharubu yaliyochanwa na maneno yaliyonolewa.

"Shemeji, umerogwa? Dizeli kwenye gari la fahari? Si ulifunge na jembe kabisa, ukalime viazi!"

Norman akainuka, spana mkononi, mafuta usoni, akahutubu: "Sikiliza, Clive. Dizeli imenipeleka kazini maisha yangu yote, theluji imefika magotini, na petroli yako ikiwa imejifunika blanketi. Dizeli haina maringo. Inakohoa, inanuka, inapiga kelele, lakini inafika!"

"Kama wewe tu, mpenzi," akasema Brenda kutoka mlango wa jikoni.

Vita vikaanza. Norman akalining'iniza lile jitu kwa mnyororo, akalishusha kifuani mwa gari taratibu, kama mtu amlazaye mtoto, likagoma, akalipandisha, likabana vidole vyake, akalitukana kwa lugha ambayo kuta zetu nyembamba zilinifikishia yote. Akachomelea vishikio vipya, akaimarisha springi za mbele, akaunga mabomba. Na alipokuja kufunga boneti, lo! haikufunga. Jitu lilikuwa refu mno. Kichwa chake kilichungulia nje kama mbuzi juu ya ua.

Norman akaketi juu ya ndoo. Brenda akamletea chai, akatazama, akasema, "Kata."

"Nikate boneti? Hii niliing'arisha kabla hatujapata hata kitanda!"

"Kipindi cha korona ulinikata nywele bila kutetemeka. Leo unaogopa faiba?"

Akakata. Na Brenda, mama wa busara, akaingia jikoni, akatoka na sufuria yake kubwa ya kupikia jamu, akaifudikiza juu ya tundu. Ilikaa kama kofia ya chuma kichwani mwa askari. Wakaifunga kwa skrubu, wakaipaka kijani.

Asubuhi ya siku ya ndoa, mtaa mzima ulijaa ukutani kutazama. Norman akawasha. Injini ikaguna, ikanyamaza. Akarudia, ikaguna, ikanyamaza. Clive alikuwa ameleta kamba ya kuvutia, akiizungusha kidoleni. Nikamwona Brenda anainama kuvua viatu.

"Usivue!" akanguruma Norman. "Ni upepo tu. Bomba la mafuta limeingia upepo, dizeli haipiti." Akalegeza nati, akaanza kusukuma pampu kwa kidole gumba, lakini mikono miwili haikutosha. Na Clive, ambaye alikuja kucheka, alivumilia kidogo, kisha akatupa kamba. "Lete spana hiyo, shemeji, unaniua!" Upepo ukatoka, dizeli ikamrukia masharubuni, naye akakaza nati huku anatema.

Jitu likaamka! Moshi ukafunika mtaa, ukafunika mashuka yangu yaliyoanikwa, na radi ya chuma ikatingisha vikombe kabatini. Sikuyalilia mashuka. Nililia kwa furaha.

Wakaondoka, nasi tukafuata katika gari la Clive. Mwendesha baiskeli aliwapita, akawapungia mkono kwa huruma. Kondoo walisimama wakatafuna. Kwenye kona ya zizi la mawe, kaburi la safari zote, Norman akarudisha gia ya kwanza, sufuria ikatetemeka, Brenda akafumba macho, Clive akashika mkono wangu hadi ukauma. Gari likajikokota. Likajikokota. Likapita!

Kileleni walisimama, lakini Norman hakuthubutu kuzima injini, asije akashindwa kuiwasha. Brenda akasema neno.

"Nini?" akapaza Norman.

Akasema tena.

"Sisikii, mpenzi! Unataka tugeuze?"

"NIMESEMA TUENDELEE!"

Norman akanyoosha shingo kutazama ng'ambo, kwa maana katika miaka yote ya kiapo chake hakuwahi kuwaza kwamba kilima kina upande wa pili. Kisha akaachia breki.

Basi wajulishwe waliopo na watakaozaliwa: siku hiyo gari la kijani, lenye moyo wa gari la mkate na kofia ya sufuria, liliteremka bonde la ng'ambo kwa ngurumo ya ushindi, na Brenda Sugden ndani yake, viatu miguuni.