Gari Chongo na Harusi ya Peace

Jumatatu, 12 Mei

Ukungu mzito hapa Yakobi, kuku hawaonani. Nimewasha taa za gari. Ya kushoto imeinuka, ya kulia imelala. Gari langu ni la zamani, taa zake hujificha ndani ya boneti, ukiwasha zinachomoza kama macho ya chura. Leo chura kaamka chongo.

Balaa ni kwamba Jumamosi mjukuu wangu Peace anaolewa Makambako. Tangu yuko darasa la pili nilimwahidi kumpeleka kanisani na gari hili. Emilia, mke wangu, mwenyekiti wa kamati ya harusi na wa mambo yote ya nyumba hii, ametangaza kuwa kwa ukungu huu gari chongo halimbebi bibi harusi. Alhamisi atakagua. Likishindwa, Peace atapanda gari la shemeji Elius.

Elius ni kaka yake Emilia. Mwalimu mstaafu, tai shingoni hata akienda kukama ng'ombe. Gari lake jeupe analifuta kwa kitambaa cha miwani. Amenipa pole huku meno yote yako nje.

Emilia anataka nimwite Yoeli, fundi umeme wa magari. Nimekataa. Yoeli ni mpwa wake, tena mwanakwaya. Akionacho saa nne, saa tano mchungaji anacho.

Na chini ya boneti yangu kuna mambo.

Jumanne, 13 Mei

Mambo yenyewe niyaandike, daftari halina mdomo. Mimi ni mzee wa kanisa, ulanzi, pombe ya mianzi, haukanyagi nyumbani kwangu. Ila Jenifa, pale nje kidogo ya Makambako, anauza ulanzi mtamu kama asali. Yakobi baridi, haukolei upesi. Basi dumu la lita tano nalichomeka kando ya taa ya kulia, kifuniko nimekilegeza lisipasuke, joto la injini linafanya kazi njiani. Naondoka na kinywaji cha watoto, nafika na cha wazee. Akili hii sikufundishwa na mtu. Shule niliishia la nne.

Nimeanza uchunguzi. Fyuzi ya taa nimeihamishia kwenye honi, honi imelia, kwa hiyo fyuzi nzima. Juu ya mota kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Nimezungusha, taa ikanyanyuka polepole kama mgonjwa anayeletewa uji, nilipoachia ikalala tena. Taa nzima, basi mota imezeeka. Nimeigonga na spana mara tisa, kama ninavyoamshwa mimi. Kimya. Wametoka sisimizi tu, jeshi zima, kwenye ule waya uliofungwa na bolti kwenye bodi.

Elius akapita. Akauliza tangu lini injini inafuga sisimizi. Nikamjibu wanakimbia baridi, hata wewe shemeji ungeingia ungekaribishwa. Hakucheka. Mwalimu asipocheka, anatunga mtihani.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata dawa. Nimekwenda Makambako kununua waya wa breki ya baiskeli. Ncha moja nimefunga kwenye taa, nyingine nimeipitisha mpaka karibu na goti langu. Nikivuta, taa inaamka. Nikiachia, inalala. Mota ya nini?

Na kwa kuwa kwa Jenifa ni njiani, kupita bila kusalimia ingekuwa dharau. Dumu limejaa.

Jioni Peace kaja. Ananisalimu kikwetu, kamwene, mume wangu, chura wetu anaendeleaje. Nikamwambia, mke mdogo, anakusubiri wewe tu. Akasema upande wa bwana harusi ameshawasimulia gari la babu linalofumbua macho, na akishushwa na lile jeupe ataonekana muuguzi anayewahi zamu hospitali ya Ilembula. Halafu akaacha utani. Akanishika mkono, akasema babu, uliniahidi.

Sikumaliza ugali.

Alhamisi, 15 Mei

Ukaguzi. Emilia mbele, Elius pembeni kama msimamizi wa mitihani. Nimewasha na kuvuta. Macho mawili. Emilia akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Elius akasema hebu zima, washa tena. Nikafanya. Akasema mara ya tatu, akainama kutazama mle taa inamotokea. Waya ukanikatikia mkononi. Taa ikalala na tai ya mwalimu ikiwa ndani.

Kwa hiyo mwalimu akabaki ameliinamia gari langu, pua kwenye rangi. Nilimwambia ainuke, salamu imefika. Emilia akaagiza boneti ifunguliwe. Nikashauri tai ikatwe. Elius, bila kuweza kugeuka, akasema tai hiyo alipewa siku ya kustaafu, na akitoka hapo atanifundisha darasa la tano.

Emilia akampigia Yoeli. Kaja, kafungua. Dumu likatutazama wote, povu mdomoni.

Yoeli akafuata mkondo wa povu kwa kidole mpaka kwenye ule waya wa bodi. Kutu, utomvu, sisimizi. Akasema mota ni nzima, waya huu ndio uliolewa. Akaukwangua kwa msasa, akakaza bolti, akawasha. Jicho likafumbuka lenyewe, mwalimu akapata uhuru. Dakika tano.

Ijumaa, 16 Mei

Hukumu imetoka. Yoeli ameapishwa na Emilia asifikishe neno kwa mchungaji. Ulanzi wamepewa nguruwe, sasa hivi wanaimba. Gari langu litambeba Peace, maana taa zinawaka. Lakini dereva ni Elius. Mimi nitafuata nyuma na jeupe lake.

Nimeomba rufaa. Emilia akaniuliza kama nataka rufaa hiyo isikilizwe na mchungaji. Nimeiondoa.

Jumamosi, 17 Mei

Ukungu mpaka Makambako. Nimeendesha nikiangalia matako ya gari langu mwenyewe. Kila kona taa zake zilifungua njia mbele. Kanisani Peace alishuka, akampita Elius na mkono wake alioutanguliza, akanifuata nyuma na kunishika. Akasema chura ametufikisha, twende ndani. Nimeingia naye. Machozi yalikuwa ya vumbi.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada Elius kanivuta kando ya kanisa. Nikajua darasa la tano linaanza. Kumbe hapana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba jana, injini ilipopata moto, harufu iliyobaki kwenye boneti ilimkumbusha marehemu baba yake. Akauliza, kwa ajili ya kujua tu, huyo Jenifa niliyemtaja nilipobanwa na Emilia anakaa upande gani wa barabara.

Nimemwelekeza. Tena tumefungua boneti ya jeupe lake pamoja. Nafasi kubwa kuliko yangu, lita kumi zinaingia. Nimemchagulia mahali penye joto zuri, palepale nyaya zote zinapokutana, na nimemsisitiza kifuniko asikikaze.