Shida si Yangu, ni ya Bosi

Jumatatu, tarehe 4
Jana tena, hola. Wiki ya tatu sasa. Mke wangu kanifunika shuka kama mtu anayefunika chungu kisichoiva. Asubuhi kaniambia nikapimwe. Kanikumbusha baba yangu alianguka akiwa na miaka arobaini na mbili. Moyo. Nikamwambia kilicholala si moyo. Akasema mwili ni mmoja.
Nikapimwe wapi? Zahanati mtaani ni moja, na nesi ni mama mkwe. Kofia nitamvulia. Suruali hapana.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata akili! Leo tumepandisha kochi ghorofa ya nne, mimi na bosi. Bosi ni fundi makochi, tumbo lake linatangulia kuingia mlangoni. Ngazi zikipinda anatua kochi akihema, anajifanya anapima kona. Mimi nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Yeye hajaona. Mimi nimemwona.
Shida itakuwa yake.

Jumatano, tarehe 6
Nimeenda zahanati. Macho chini, shikamoo mama. Nikasema nina bosi, ana shida ya ndani ya nyumba. Akauliza kama paa linavuja. Nikasema hapana mama, ni yeye, mambo ya kiume, hayaendi. Nilitamani kuingia kwenye kabati la bandeji.
Hakucheka. Kasema mishipa ya huko ni myembamba, ikianza kuziba huko ndiko kunaonyesha kwanza, moyo unaweza kufuata baadaye. Si kila mara, mawazo nayo yanachangia. Lakini mwanaume akiona hivyo apime presha na sukari, na vidonge vya kuuziwa barabarani asiguse.
Akauliza bosi anavuta? Nusu pakiti. Soda? Tatu kwa siku. Umri? Ishirini na tisa.
Nimefika nyumbani ndipo nakumbuka bosi ana hamsini na moja.

Alhamisi, tarehe 7
Nimekwisha. Mama mkwe kaja karakana mwenyewe, mashine ya presha ndani ya kikapu. Kamwambia bosi kuna kijana anamjali. Bosi akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya sponji.
Wakaingia stoo. Nikatega sikio. Bosi akafoka, nani huyo kamzushia. Kisha akasema polepole kwamba ni miezi minane sasa hayaendi, na akipanda ngazi kifua kinabana, na mkewe anadhani ana mwanamke nje.
Na mimi nilikuwa nadanganya tu!
Presha yake mia na tisini kwa mia na kumi. Kapelekwa hospitali kubwa hapo hapo.

Jumatano, tarehe 13
Bosi karudi. Daktari kamwambia mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba, angepandisha makochi mawili zaidi tungekuwa tunachimba kaburi. Kanikumbatia mbele ya wateja, kaniita mwanangu. Mkewe kaniletea shati jipya.
Mke wangu hakupiga makofi. Kasema nimemponya mtu kwa ugonjwa wangu mwenyewe, sasa niende. Kasema hakuolewa ili awe mjane. Nikamwambia mponyaji hapimwi. Kahamishia mto wake sebuleni. Ahamishe. Kochi lile nimelishona mimi, anajua ni zuri.

Ijumaa, tarehe 15
Mama mkwe kaniita zahanati. Kiti tayari, mashine mezani. Kasema kwa upole kwamba bosi havuti, soda hanywi, na miaka ishirini na tisa aliiacha zamani. Basi mwanangu, kaa, kunja mkono wa shati.
Sikukaa. Nikasema huyo wa ishirini na tisa ni mtu mwingine. Akauliza nani. Nikatafuta kichwani mwanaume mwingine ninayemjua, nikampata mmoja tu.
Nikasema ni baba mkwe.
Mumewe. Miaka sitini na miwili. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akasema habari hiyo kwake ni ngeni.
Nimetoka mbio. Kifua kimebana kidogo, ni upepo. Baba mkwe kapiga simu mara nne, sipokei. Wakitaka kunipima wanikamate kwanza.
Bado nina mashemeji wawili.