Komando wa Kilo Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Balaa! Popi kamlamba Mzee Hatibu. Kamlamba mkono, kailamba na kanzu, na mzee alikuwa anatoka kwenda kuswali adhuhuri. Mwenye nyumba wangu! Chumba ninacholala ni chake, fremu ninayofanyia fotokopi ni yake. Hakufoka, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema mbwa ni kiumbe wa Mungu na hana chuki naye, ila mate yake ni najisi kwa anayekwenda kuswali, na hii ni mara ya tatu. Jumapili jioni Popi awe ameondoka. La sivyo, tuondoke wote wawili.

Nimeifua kanzu mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyonielekeza. Udongo wa hapa kwetu Nangara ni mwekundu. Kanzu ilikuwa nyeupe. Modesti, kinyozi wa fremu ya pembeni, alisimama mlangoni na kitana chake akihesabu kwa sauti, wateja wanacheka.

Popi mwenyewe kalala kwenye katoni ya karatasi, kavaa sweta. Niliachiwa na Bi Wilhelmina, mteja wangu wa fotokopi, alipohamishiwa Tabora kikazi. Aliniomba nikae naye wiki mbili tu, nimtafutie mtu mwenye roho nzuri. Huu mwezi wa tatu.

Jumanne, 15 Julai

Usingizi haukuja. Nimezunguka sokoni na stendi na Popi kwenye kikapu. Kila mtu ana maswali mawili: anabweka? Anang'ata? Nikajibu hapana, tena kwa fahari. Kosa kubwa! Mama mmoja wa vitunguu akauliza kama ni sungura. Mwenzake akauliza, sasa huyu kazi yake nini? Hapa kwetu mbwa asiye na kazi ni kama mgeni asiyeaga.

Modesti aligawa watoto wanne wa mbwa koko kwa wiki moja, na hachoki kunikumbusha. Ushauri wake: niseme ukweli, aliyeandikiwa Popi atakuja. Ukweli! Wa kwake walikuwa na meno na sauti. Wangu anawakimbia kuku.

Nimewaza sana. Kuanzia leo anaitwa Komando. Nimemwita mara ishirini. Hageuki.

Jumatano, 16 Julai

Akili ni nywele, na mimi leo nilikuwa na kichaka! Nimechapa tangazo MBWA MKALI SANA, nikalibandika getini. Kisha nikaenda kwenye gereji moja yenye jibwa kubwa kama ndama, nikalichokoza kwa ufagio, nikarekodi sauti yake kwa simu. Suruali imechanika. Si kitu.

Alasiri akapita Mzee Pantaleo, mwenye mashine ya kusaga kule Mutuka. Nikamwekea rekodi nyuma ya geti. Akaruka! Akasema mbwa wa namna hiyo ndiye anayemtafuta, wezi wamemchosha. Akataka kumwona. Nikamwambia ni hatari kabla hajazoea harufu ya mtu. Tumekubaliana nimpelekee Ijumaa. Alitaja pia mnyororo. Nilitamani asingeutaja.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna mtu ananichunguza. Leo kaja mama mtu mzima, Mwalimu Clara, mstaafu, anakaa peke yake jirani na kanisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu maswali yakaanza. Mbwa anapenda kupakatwa? Analala ndani? Anaogopa radi? Nani anauliza mambo hayo? Nikamuuliza katumwa na nani. Akasema Modesti.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mtego! Nikikiri kwamba Popi ni mpole, Modesti atampelekea habari Mzee Pantaleo na mpango wangu utakufa. Nikamwambia Mwalimu kwamba mbwa huyu ameng'ata watu watatu na ng'ombe mmoja. Nikaongeza balozi wa nyumba kumi. Akakumbatia mkoba wake kifuani, akaondoka kinyumenyume.

Modesti alikuja kuuliza imekuwaje. Nikatabasamu tu. Hanipati.

Ijumaa, 18 Julai

Komando kaenda kazini asubuhi. Nilimfikisha Mutuka kwa bajaji, kikapu nimekifunika kwa kanga, nikakikabidhi na kukimbia. Nikitoka nikauona ule mnyororo umening'inia mlangoni mwa mashine. Ni mzito kuliko yeye. Nimerudi kazini nikatoa kopi arobaini za ukurasa mweupe bila kujua. Nimemfanyia nini mtoto wa watu?

Saa tisa Mzee Pantaleo karudi, kikapu mkononi, uso umejaa unga na hasira. Kumbe Komando alisalimia kila mteja kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine. Kisha akalala kwenye lundo la pumba, na kwa weupe wake hakuna aliyemwona. Mama mmoja alimzoa pamoja na pumba za nguruwe wake! Komando akapiga chafya njiani, ndipo ikajulikana. Mzee aliniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo, na kwamba panya wa mashine yake wana ukali zaidi.

Aibu yangu kubwa. Lakini Popi aliponiona alitikisa mkia mpaka akaanguka. Nimefurahi kuliko ninavyoruhusiwa. Zimebaki siku mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Modesti kanieleza, taratibu, kama anaeleza mtoto. Mwalimu Clara alikuwa na kijibwa miaka kumi na mmoja. Kilikufa Machi. Tangu hapo nyumba imemshinda kwa ukimya, na alikuwa anatafuta kijibwa kipole cha kupakata. Kipole! Nilitaka kujifungia kwenye kabati la karatasi.

Ningeweza kwenda kuomba radhi. Lakini mtu aliyesikia habari za ng'ombe ataamini maneno matupu? Anahitaji ushahidi. Nikamchukua Popi mpaka kwake. Mwalimu hakufungua, akaongea dirishani. Nikamwambia mbwa amebadilika, ameombewa. Akauliza kaombewa na mchungaji gani. Nikakohoa. Basi nikamwambia atazame mwenyewe jinsi alivyo mwoga, nikatoa simu, nikaiwasha rekodi ya lile jibwa la gereji kwa sauti ya mwisho.

Popi alipiga yowe. Akapanda kifuani kwangu, akashuka mgongoni, akatafuta kwapa la kujificha, na alipolikosa akaning'ata kidole gumba. Mara ya kwanza maishani mwake! Damu. Simu ikaanguka na kuendelea kubweka mtaroni.

Geti likafunguka kwa kishindo. Mwalimu aliniuliza kama nina akili timamu, na kiumbe huyu kanikosea nini. Alimnyakua Popi, akamfunika kwa kitenge, na ndani ya dakika moja kutetemeka kukaisha. Akauliza jina. Nikasema Komando. Popi hakugeuka. Nikasema, basi, Popi. Masikio yakasimama. Mwalimu akafunga geti. Yeye na Popi ndani, mimi nje na kidole changu.

Jumapili, 20 Julai

Nimechomwa sindano, ingawa cheti cha chanjo cha Popi nilikwenda nacho. Muuguzi akauliza mbwa ana ukubwa gani. Nikasema mkubwa.

Mzee Hatibu kafurahi, kaniletea chapati na maharage ya nazi, kanishukuru kwa kutimiza ahadi. Nilikula huku natazama katoni tupu. Sweta bado limo. Chumba kimekuwa kikubwa mno. Jioni nikapita kwa Mwalimu, nikachungulia juu ya ukuta. Popi alikuwa barazani, kapakatwa, anasikiliza kwaya ya redio. Hakuniona. Nililia kidogo, nikamsingizia muuza mkaa na moshi wake.

Modesti anaitangazia saluni nzima kwamba ni yeye aliyempatia Popi nyumba. Wakati mipango yote ilikuwa yangu!

Jumatatu, 21 Julai

Nimefungua fremu nikakuta boksi mlangoni, sijui kaliacha nani; bila shaka habari zimeenea kwamba natafutia mbwa nyumba. Ndani yake kijibwa cha kahawia. Kizee. Jino moja, jicho moja linaloona vizuri, kinakoroma kama jenereta. Mzee Hatibu bado hajakiona.

Nimeapa kwa marehemu mama: safari hii ukweli mtupu, tangu mteja wa kwanza.

Mteja wa kwanza kaja saa nne, kuchapisha barua. Akauliza kama huyo mbwa analinda. Nikamwambia kastaafu polisi kwa heshima zote. Anakuja kumchukua kesho.