Ng'ombe Arobaini na Wembe wa Ofisi

Jumatatu, 12 Julai 1976. Rujewa.

Nimeamua kumposa Kalista, mwalimu wa ngumbaru, watu wazima wanaojifunza kusoma. Tatizo ni baba yake, Mzee Bujiku, Msukuma aliyehamia Usangu akiswaga ng'ombe wake kwa miguu. Inasemekana hamsikilizi mposaji asiye na zizi. Malimi, mshindani wangu, ana ng'ombe sitini, na kila akipita ofisini ananisalimia kwa niaba yao. Mimi ni Mhehe wa Mlandege, karani wa mifugo. Nina jogoo mmoja, naye anakohoa.

Lakini leo basi la Iringa limeleta picha ya siku ya josho, tulipoogesha ng'ombe dawa, ile ya Februari. Fundi wa picha wa Mlandege hana haraka. Niko mbele, rejista mkononi, ng'ombe arobaini nyuma yangu! Pembeni wamesimama wenye ng'ombe, watu saba na fimbo zao, Mzee Bujiku hayumo. Bila hao saba, mwenye ng'ombe ni nani? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama.

Jumanne, 13 Julai.

Nimekata. Wembe wa ofisi, rula, pumzi nimebana. Nimeanza na Malimi. Raha niliyoipata siwezi kuiandika. Kiwiko changu kimeondoka naye, maana alisimama karibu mno, kama kawaida yake. Si neno, hakuna anayeoa kwa kiwiko.

Mkuu wangu, Bwana Sedekia, kaingia ghafla na kuuliza mbona natokwa jasho. Nikasema malaria. Akatoa klorokwini mezani mwake, akasimama hadi nikameza vidonge vyote vinne. Dawa hiyo imenipa muwasho mwili mzima. Nimewakata sita waliobaki huku najikuna, ndiyo maana upande wa kulia umekwenda upogo.

Jumatano, 14 Julai.

Barua nimeipiga taipu mwenyewe. Heshima mwanzo hadi mwisho. Katikati nimeacha nafasi ya picha. Picha imezidi nafasi! Mtu wa kawaida angepiga barua upya. Mimi nimepunguza picha tena. Juu nimeondoa mbingu, haina faida kwa mkwe. Chini nimeondoa viatu vyangu, nikajuta. Vilikuwa vya kuazima, lakini vilikuwa vinang'aa.

Nimebandika kwa uji wa muhogo. Chini yake nimeandika: Kama picha inavyojieleza. Sikuandika popote kwamba ng'ombe ni wangu, kwa hiyo dhamiri yangu ni safi. Mama Rozalia, muuza chai, ameipeleka. Amekataa kuahidi lolote.

Ijumaa, 16 Julai.

Nimeitwa! Nimekwenda mbio, na viatu vilevile.

Mzee Bujiku hasomi herufi. Kalista alimsomea barua bila sauti kutetereka, ila alipomaliza tu akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Kisha mzee akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Sasa akaanza kusoma yeye. Huyu mwenye pembe iliyovunjika ni wa Malimi. Hawa wawili, sikio la kushoto limechanjwa, ni wa Nyanda. Yule mwenye nundu iliyolala ni wa shemeji yake mzee mwenyewe. Hakubabaika hata kwa mmoja. Kumbe niliwakata watu nikawaacha mashahidi. Kila ng'ombe alikuwa na mwenyewe, mimi tu ndiye nisiyekuwa na mwenyewe. Nikaomba maji ya kunywa.

Halafu kidole chake kikasimama. Alikuwa ng'ombe wake, Mabaka, aliyelelewa na marehemu mkewe tangu ndama. Alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwezi wa Machi. Mzee akafuta macho kwa kiganja. Nami machozi yakanilenga, na hayo hayakuwa katika mpango wangu.

"Picha nzuri, karani," akasema. "Ila kuna mtu hapa ubavuni kwake anasumbua macho. Huwezi kumtoa?"

Mtu huyo ni mimi.

Kalista akaleta mkasi. Nikajikata kwa mkono wangu mwenyewe, taratibu, Mabaka asiguswe hata unywele. Kipande chenye mimi kikaanguka chini. Kalista akakiokota, akakitia katika daftari lake la ngumbaru. Nilimwona! Mzee akaagiza nije joshoni kesho kusaidia, na viatu vya watu nisije navyo.

Jumapili, 18 Julai.

Jana nilipigwa teke mara mbili. La pili lilinitumbukiza joshoni, nikaogeshwa dawa ya kupe hadi kifuani. Mzee Bujiku alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema Jumamosi ijayo nije tena, na mapema. Malimi hakualikwa!

Leo baada ya misa Kalista ameniita kando. Akasema kile kipande bado kimo daftarini.

"Ukija kwa baba, njoo na mdomo wako tu," akaniambia. "Makaratasi yaache ofisini."

Maneno ya dhahabu. Nimeyaelewa yote. Nina furaha hata chakula kimenishinda.

Kwa hiyo jioni hii nimemwandikia fundi wa Mlandege. Trekta la kijiji linafika Jumanne ya wiki ijayo. Aje na kamera, anipige nikiwa nimeshika usukani. Dereva nitamkata. Nasikia matrekta yote yanafanana.