Ombi la Kuiongezea Februari Siku Tatu

Kampuni ya Kadi ya Birkeland,
Ghorofa ya Tatu,
Duluth, Minnesota.
16 Februari

Jalada Na. 114

Kwa Bi. Gretchen Volkmar,
Mkurugenzi wa Idara ya Wafanyakazi.

Mheshimiwa Bi. Volkmar,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bima yako pia. Ninaketi hatua kumi na moja kutoka mlango wako, na ningeweza kuja kusema haya kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama unahitaji karatasi.

Kama unavyojua, kuanzia mwezi huu saa zangu zimepunguzwa kutoka arobaini kwa wiki hadi ishirini na nane. Anayefanya chini ya saa thelathini hastahili bima ya afya ya kampuni, kwa hiyo bima yangu na ya mke wangu Kaisa inakoma usiku wa tarehe 28 Februari. Kaisa ni mjamzito. Daktari ametupa tarehe 3 Machi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu ni kuwaandikia waliopoteza bima, kuwajulisha kwamba sheria inawaruhusu kuendelea nayo wakijilipia wenyewe. Kwa kuwa karani wa barua hizo ni mimi peke yangu, nilijiandikia. Nilijiita "Mpendwa Mshiriki", nikajipa pole, nikajipa siku sitini za kufikiri, nikajibandikia stempu. Barua ilifika nyumbani Alhamisi. Kaisa aliisoma akiwa amesimama. "Leif, hii umeandika wewe?" Nikakubali. "Na hukuweza hata kujiombea?"

2. Kuendelea na bima maana yake ni kulipa sehemu yangu, sehemu iliyokuwa yenu, na asilimia mbili juu kwa ajili ya usumbufu wa makaratasi. Usumbufu huo ni mimi. Kwa mshahara wa saa ishirini na nane, nikilipa bima silipi kodi ya nyumba, nikilipa kodi mtoto anazaliwa bila bima. Nimepiga hesabu hiyo kwa kalamu na kwa mashine. Mashine ina huruma ndogo kuliko kalamu.

3. Sheria inataka kila aliyekuwa chini ya bima apewe taarifa. Mtoto hajapewa. Hana anwani, na kwenye fomu hakuna nafasi ya "tumboni". Ili ofisi isilaumiwe, Jumapili nilimsomea barua nzima kupitia blanketi, pamoja na maandishi madogo ya ukurasa wa nne. Alipiga teke mara mbili. Naomba mwongozo: teke ni kukubali au kukataa?

4. Tarehe 30 Januari mlitufanyia sherehe ya kumsubiri mtoto kwenye chumba cha mapumziko, kukawa na keki na kadi yetu wenyewe, ile yenye bata wa manjano. Ndani uliandika kwa wino wa kijani: "Tuko nanyi kila hatua." Kanuni ya ofisi, ukurasa wa sita, inasema hati iliyosainiwa na mkurugenzi mbele ya mashahidi wawili inaifunga kampuni kisheria. Kadi ile ina saini yako na mashahidi arobaini na wawili, akiwemo fundi wa mabomba aliyepita tu kula keki.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mngenipunguzia saa Januari, au mwezi wowote ulioshiba, ningepata siku thelathini na moja. Mmechagua mwezi mfupi kuliko yote. Mtoto wangu anakosa bima kwa siku tatu ambazo Februari ilinyimwa kabla hata mimba yake haijatungwa.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, Februari ya ghorofa ya tatu iwe na siku thelathini na moja.

Najua ombi hili linaweza kuonekana geni, lakini kampuni ilishawahi kulitekeleza. Mwaka juzi tulichapa kalenda elfu nane zenye tarehe 31 Novemba. Uliagiza zitumike humu ndani zisipotee, na tukazitumia. Daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba siku hiyo nilifika saa mbili kasoro dakika tano. Bi. Dorothea Pelkey wa mashine ya kukatia karatasi alifika pia, na alilipwa. Kampuni iliyoweza kumkatisha mtu kadi elfu moja na mia mbili katika siku isiyokuwepo haiwezi kushindwa kuzalisha mtoto mmoja.

Nilimweleza Bi. Pelkey shida yangu nikitaraji ushauri wa kitaalamu. Akasema, "Mwanangu, acha kuandika barua. Mpandishe mkeo kile kilima cha Barabara ya Ziwa mara tatu, na viatu vya theluji. Mtoto atashuka mwenyewe. Ningempandisha mimi, ila nyonga yangu inangoja kisu cha Machi." Kaisa amekataa kupanda. Anasema barafu haina bima pia.

Sitaki kuonekana msumbufu. Siku tatu zikiwa nyingi, naweza kuzifanyia kazi zote bila malipo, mradi tu ziwe za Februari.

Nakusalimu kwa heshima yote inayoweza kuenea katika saa ishirini na nane. Nisalimie Bw. Volkmar, watu wa mapokezi, kitengo cha bahasha, na fundi wa mabomba akipita tena.

Wako mtiifu, na mwoga kidogo,

Leif Torvinen
Karani, Barua za Bima

Tanbihi, 20 Februari: Barua hii ilikuwa bado mezani kwangu ulipokuja asubuhi kunieleza kwamba nimerudishiwa saa arobaini, na bima, kwa sababu wakataji karatasi kumi na tisa wanaachishwa kazi wiki ijayo na barua zao zinahitaji mtu. Nashukuru sana. Kaisa alilia kwenye simu. Malalamiko yote matano nayafuta. Naileta barua kwa sababu tu imeshapewa namba ya jalada.

Mchana Bi. Pelkey alikuja mezani kwangu na barua yake ya kuachishwa kazi mkononi. Upasuaji wake ni tarehe 2 Machi. Alisema, "Siku mbili tu, mwanangu. Mwezi wenyewe mfupi, hata wewe umeuona." Nimemjibu kwa maandishi, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, kwamba Februari ina siku ishirini na nane.

Kadi yake ya kumtakia nafuu iko kwenye chumba cha mapumziko. Wote wameshasaini. Imebaki saini yako na yangu.