Malalamiko Kuhusu Damu ya Mume Wangu

Makanyagio, Mpanda.

Kwa Daktari Kashinje, Kliniki ya Wazee.

Daktari mwanangu,

Mimi ni bibi harusi. Nina miaka sitini na sita, nimemaliza kidato cha nne, na nimeolewa na Mzee Telesfori, mwenye sauti ya besi kwenye kwaya na magoti mazuri. Pokea salamu zangu, kisha pokea malalamiko.

Wiki iliyopita ulikuja nyumbani kwetu na wauguzi, ukampima damu, ukaona dalili kwamba inaganda ndani ya mishipa. Ukamwambia mbele yangu, “Mzee, hicho kiti kitakuletea kiharusi. Inuka utembee.”

1. Kiti hicho ni cha ndoa yetu. Sisi wenye asili ya Burundi, bibi harusi anakaa ndani, hashiki jembe wala ndoo, mpaka mashangazi waje kumtoa. Bwana harusi halazimiki, ila Telesfori wangu alikataa kuniacha peke yangu. Tunakaa kutwa bega kwa bega, tunaletewa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kutoka Ikola, ziwani. Huo nao ni ugonjwa?

2. Umempa vidonge na kumwagiza atembee asubuhi na jioni. Akitoka, majirani wanauliza kama tumeshagombana.

3. Siku ya kipimo nilikuwa nimemshika mkono. Damu ya mtu anayependwa husimama kidogo kutazama. Naomba apimwe upya nikiwa mbali, hata Sitalike.

4. Mimi hukunipima. Kama yake inaganda, na yangu igande, tuliapa kanisani.

Kwa hiyo naomba cheti chenye mhuri, kwamba kukaa na mke mpya hakuhesabiki kuwa ni kukaa.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyemchoma sindano taratibu, na mama watoto wako.

Ni mimi, ninayependwa mchana kutwa,
Odeta wa Telesfori.

Nyongeza: Jana wakati wa chai kikombe kilimponyoka Telesfori. Akacheka, akasema kimeteleza. Mimi sikucheka. Marehemu mume wangu wa kwanza naye alianza na kikombe. Leo alfajiri nimejitoa ndani mwenyewe, mashangazi wamenuna mpaka wale wa kijijini Sibwesa, na barua hii tumeileta kwa miguu, tumeshikana mikono. Yaliyo juu yaache, toka umpime. Tuko hapa nje mlangoni. Benchi lipo, ila nimemkataza kukaa.